Sangara Hajali Simba wala Yanga

Safari ya uvuvi inafaa ipangwe na mtu aliyewahi kuvua. Yetu ilipangwa na shemeji yangu, ambaye alikuwa amesoma sana, na mimi, ambaye nilikuwa nimesoma kidogo. Wote wawili tulikuwa tumekula samaki tangu utotoni, na Dar es Salaam hiyo inahesabika kuwa ni uzoefu.

Tulikuwa tunakwenda Rubondo, kisiwa kilichoko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Kwa asiyekijua, kile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Hakuna kijiji, hakuna shamba, hakuna kibanda cha vocha. Kuna msitu, nzohe, viboko, mamba, na sokwe ambao mababu zao waliletwa miaka ya 1960 kutoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa porini wajitafutie. Habari hiyo ya sokwe ilinipa moyo sana. Kama kiumbe aliyezoea kuletewa chakula kwa ratiba na Mzungu mwenye funguo aliweza kuyazoea maisha ya Rubondo, shemeji yangu wa Mbezi Beach naye angeweza.

Pale wageni huruhusiwa kuvua kwa fimbo na mshipi, kwa kibali, na anayewindwa ni sangara, samaki anayeweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Nauli tulikubaliana. Malazi tulikubaliana. Hata nani atalala karibu na dirisha tulikubaliana. Tulikwama kwenye chambo.

Shemeji ni mtu wa samaki bandia. Aliwaagiza kwa jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya, wakaja ndani ya kisanduku cha plastiki chenye vyumba vidogo vidogo, kila samaki na chumba chake, kila samaki na ndoano za meno matatu tumboni na mkiani. Alikifungua sebuleni kwake, mbele ya watoto, kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akiipa hati ya kiwanja. Kisha akaanza kuhadithia habari za Lauri Rapala.

Huyu Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Ziwa Päijänne huko Ufini. Aliona kwamba samaki mla wenzake haangaiki na kundi zima la vidagaa. Anamvizia yule mmoja anayepepesuka kwa jeraha au ugonjwa. Basi mwaka 1936 akachukua kisu, akachonga samaki wa koki, akamvalisha karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti, akampaka negativu za picha alizoziyeyusha ili maji yasipenye. Alipomburura majini yule samaki akapepesuka barabara, na biashara ikazaliwa. Mwezi Agosti 1962 jarida la Life la Marekani likamwandika, na bahati ikaangukia toleo lenye picha ya Marilyn Monroe kwenye jalada, naye alikuwa amefariki mwezi uleule. Toleo likagombaniwa, na oda zikafurika Ufini kuliko uwezo wa karakana.

Shemeji anaisimulia hadithi hii kama mtu aliyekuwepo akishika taa. Nilimwacha amalize, halafu nikamuuliza swali moja tu: Rapala alichonga samaki wa uongo kwa sababu gani? Si kwa sababu alichoka kuhangaika na vidagaa wa kweli kwenye ndoano zake? Sasa sisi tunakwenda Kanda ya Ziwa, samaki hai wanauzwa kando ya barabara. Tunabebaje karatasi za chokoleti kutoka Ufini?

Dada yangu, ambaye ndiye mke wa shemeji na ndiye aliyeiona risiti, alisema swali langu lilikuwa zuri.

Likaja suala la rangi. Shemeji ni Simba wa kufa, na kile kisanduku kilikuwa kimejaa wekundu na weupe mtupu. Nilidai usawa. Haiwezekani twende kwenye maji ya taifa tukiwakilisha Msimbazi peke yake. Akakubali shingo upande kuongeza samaki wawili wa kijani na njano, nami nikampa somo la fizikia ambalo lilimnyima usingizi. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Kitu chekundu ukikishusha kwenye kina, kinafifia, kinakuwa kijivu, mwisho kinaonekana cheusi. Na katika maji yenye ukijani wa mwani, kama ya ziwa letu, mwanga wa kijani ndio unaofika mbali zaidi. Kwa hiyo, nikamwambia, huko chini Simba watakuwa wamevaa nguo za msiba, na Yanga wanaendelea na shughuli zao. Alisema sangara haangalii mpira. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepigwa bao dakika ya tisini.

Tulipanda basi. Hapa nieleze jambo kuhusu kisanduku cha samaki bandia: hakifunguliwi ndani ya chombo kinachotembea, hasa katika nchi yenye matuta. Shemeji alikuwa anamwonyesha jirani yake wa kiti, kijana aliyeuliza kwa adabu tu, pengine akitafuta usingizi. Karibu na Singida dereva akalipita tuta ambalo hakuliona. Sisi tukaruka, kisanduku kikaruka, na samaki mmoja mwekundu akaenda kujishika kwenye kitenge cha mama aliyekaa mbele yetu, mgongoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hapafikii na wewe huna ruhusa ya kupagusa.

Mama aligeuka taratibu.

"Mwanangu, humu ndani ya basi unavua nini?"

"Samahani sana mama, ni bahati mbaya."

"Hiki kitenge ni cha Kongo. Hakikatwi."

Na kweli hakikukatwa. Konda alileta koleo, akaikata ndoano jino baada ya jino, abiria wakitoa ushauri kutoka viti vya nyuma, na kila jino likikatika shemeji alifumba macho. Kazi ilipokwisha mama akamchukua yule samaki, akamgeuza geuza, akauliza kama bado ana kazi. Asiye na ndoano ana kazi gani? Mama akamtia kwenye mkoba, akasema mjukuu wake wa Shinyanga atachezea. Huo ndio mchango wa Ufini kwa mtoto wa Shinyanga, na nina hakika ndiye samaki aliyeleta furaha kubwa kuliko wote waliokuwa mle kisandukuni.

Upande wangu niliusimamia tulipofika ziwani. Kwenye mwalo mmoja karibu na pale tulipokuwa tulale nilimkuta mzee anayevua sangara kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, akiwa na beseni la kambare wadogo, urefu wa kidole. Watoto huwavua kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa, na siku hizi wapo watu wanaowafuga mahususi kwa ajili ya kuwauzia wavuvi. Nilimsalimu shikamoo, nikamweleza ugomvi wetu wa chambo kama anavyoelezwa hakimu.

Mzee hakuwa na ushabiki. Alisema furu ni mtamu kwa sangara, lakini ukimtoa majini anakufa kabla hujamaliza kuweka ndoano inayofuata. Sato mdogo joto la beseni linammaliza. Kambare ana kiungo nyuma ya matamvua cha kuvutia hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta sisi, kwa hiyo anasafiri kwenye beseni juu ya pikipiki bila kelele, na ukimtunga vizuri kwenye ndoano jioni, asubuhi unamkuta bado anatikisa mkia. Sangara ana macho makubwa yanayong'aa gizani, anaona usiku, na kitu kinachotikisa mkia mbele yake hakiulizi kimetoka wapi. Wakubwa hula hata watoto wa sangara wenzao.

"Mnakwenda kuvua au mnakwenda kutalii?" akaniuliza.

"Vyote viwili, mzee."

"Basi chukua wachache."

Nilichukua nusu ndoo. Ndoo yenyewe ya lita 20, nyeupe, ya rangi ya kuta, na mfuniko wake. Sasa naomba msomaji anifuatilie vizuri, kwa sababu kuhusu mfuniko huu nimeshasemwa sana kwenye vikao vya familia. Kiumbe anayevuta hewa anahitaji hewa. Ukimfungia ndoo kwa nguvu, asubuhi una supu. Kwa hiyo niliuacha mfuniko wazi kidogo, upana wa vidole viwili, nikaiweka ndoo kwenye kona ya chumba cha gesti, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki. Hadi leo sijaonyeshwa kosa langu liko wapi. Ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kambare, pakiwa na unyevu, hutembea. Hujiegemeza kwenye miiba ya mapezi yake ya mbele, akajipinda kiunoni, akasonga. Ndivyo wanavyohama bwawa moja kwenda jingine mvua inaponyesha. Na usiku ule mvua ilinyesha, na bomba la bafu la gesti lilikuwa linavuja, na korido yote ilikuwa imelowa vizuri kabisa.

Saa tisa usiku ulipigwa ukelele. Mgeni wa chumba cha pili alikuwa anakwenda msalani gizani kwa miguu mitupu, akakanyaga kitu laini, kirefu, cheusi, kinachopinda. Alisema "nyoka" kwa sauti iliyofika barabarani. Wakatoka watu na ndala mikononi. Mhudumu akaja na fagio la maji kwa mkono huu na panga kwa mkono wa pili, na taa ilipowashwa ikaonekana hali halisi ya korido: kambare wako safarini, wengine wakielekea bafuni, wengine mapokezi, na mmoja, mwenye akili kuliko wenzake, ameshafika mlango wa nje.

Nilitoka nikiwa na taulo, nikaanza kuokota. Si kazi ya kuchekwa; kambare ana ute, na ukimbana anakuchoma kwa mwiba. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliyelala chumba cha mwisho alikaa chini kabisa kwenye sakafu, akacheka mpaka akaanza kukohoa. Shemeji hakutoka. Alisimama mlangoni na fulana yake nyekundu, akasema kwa upole wa kuudhi, "Shem, wangu wote wamelala kisandukuni." Asubuhi alipovaa kiatu cha kushoto alikuta amekosea kidogo kwenye mambo ya usingizi, maana mmoja wa wangu alikuwa amelala kwake.

Mhudumu alikuwa ameshatuwekea hesabu mezani.

"Daftari linasema wageni wawili. Hawa wengine wamelala kwa nani?"

Tulilipia usafi. Walionusurika walikuwa kama thuluthi, na mmoja wao hadi tunaondoka alikuwa ndani ya tundu la choo, akichungulia kila anayekuja.

Mtoto mmoja wa pale gestini alinishauri niwamwage tu ziwani, yaishe. Kwa kambare isingekuwa neno, ni mwenyeji wa maji yale tangu zamani. Lakini ziwa lenyewe lina historia ndefu na mambo ya kumwaga. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Alitoka mito na maziwa mengine ya Kiafrika, likiwemo Ziwa Albert, akapandikizwa huku miaka ya 1950 na watu walioamini wanafanya jambo dogo la maana. Kufika miaka ya 1980 alikuwa ameshazaliana kupita kiasi, akala furu wa kila aina, na aina nyingi za furu zilizokuwa hazipatikani popote duniani isipokuwa humo zikapotea kabisa. Pia akaleta viwanda vya minofu, mapanki, kayabo ya kwenda Kongo, na ajira za watu maelfu. Ndiyo maana ndoo yenye samaki mimi siimwagi mahali kwa kuambiwa na mtoto. Niliirudisha kwa mzee.

Mzee aliikagua bila kuuliza thuluthi mbili zimekwenda wapi. Kwenye mialo habari hukimbia kuliko pikipiki, na nadhani alikuwa ameshazisikia. Akatukaribisha kwenye mtumbwi wake tujaribu mshipi wa mkono kabla ya boti ya hifadhi kuondoka. Nikamchagua kambare mmoja mwenye afya, nikamweka juu ya ubao wa mtumbwi ili nimpige picha ya kumtumia dada, ushahidi kwamba upande wangu nao umewakilishwa. Nilikuwa natafuta mwanga mzuri. Kivuli kikapita, upepo ukanipiga usoni, na furukombe akaondoka na kambare, kichwa chake cheupe kikimeremeta juani. Nina picha ya ubao mtupu na unyoya mmoja pembeni.

"Huyo ndiye mvuvi wa kwanza leo," mzee akasema.

Tuliobaki tulikaa. Hilo ndilo jambo ambalo watetezi wa chambo hai, mimi nikiwemo, hatulisemi kwa sauti: unakaa. Chambo kinafanya kazi, wewe huna kazi. Mzee mwenyewe hakai. Huitega kamba yake jioni, akaenda kulala kwake, akarudi alfajiri. Ni utaratibu wa mtu mwenye nyumba pale pale. Mtu mwenye tiketi ya kurudi Dar hana alfajiri za kutosha. Tulimwachia mzee kambare wote, tukavuka kwenda Rubondo na kile kisanduku.

Sasa zamu ya shemeji. Samaki bandia hufanya kazi akiburutwa, na ili aburutwe boti itembee, na ili boti itembee mashine inywe petroli. Nahodha alituzungusha kandokando ya miamba na matete, mwendo wa pole, mishipi miwili nyuma, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani na njano, tukiwa tumeapa kwamba atakayepata kwanza atalipiwa chakula cha jioni. Kila mwamba ulimpenda samaki wa shemeji. Kamba ikikaza anaruka, "Huyo! Huyo!", nahodha anazima, anageuza boti, tunarudi, tunakuta jiwe. Tunanasua, tunaanza tena. Wa kijani na njano niliyemsifu kwa fizikia alikwenda moja kwa moja kwenye mafunjo, akabaki huko, na hakuna aliyejitolea kumfuata, maana kiboko mmoja alikuwa ameinua masikio jirani yake. Dumu la petroli lilikuwa linapungua kwa uaminifu. Nilimwona nahodha akilitazama, kisha akimtazama shemeji, kisha akilitazama tena, lakini mteja ni mteja.

Aliyetuokoa ni samaki mmoja aliyekuwa amesuguliwa na miamba mpaka rangi yote ikambanduka, hana Simba hana Yanga, amebaki na mng'aro kidogo ubavuni. Huyo alipigwa. Mshipi ulikwenda kweli, rili ikalia, shemeji akasimama, akakaa, akasimama, akaniita jina langu lote la shuleni. Akatoka majini sangara mwenye macho ya dhahabu, mzuri sana, mwenye urefu wa kumshinda samaki bandia kwa kiasi kisichoridhisha. Nahodha akatoa futi. Sheria inataka sangara afike sentimita 50 ndipo achukuliwe. Huyu hata ukimnyoosha mkia hakufika. Shemeji aliomba picha moja kabla hajamrudisha, akamshika na kunyoosha mikono yote miwili mbele kuelekea kwenye kamera, kichwa akikirudisha nyuma kabisa. Picha hiyo sasa iko sebuleni kwake. Wageni humuuliza alikuwa na kilo ngapi, naye huwajibu kwamba alimwachia kwa ajili ya uhifadhi.

Tuliporudi mwaloni mzee alikuwa anatusubiri. Kwenye kamba yake, usiku ule tuliolala kisiwani, kambare wetu mmoja alikuwa amemezwa na sangara ambaye vijana wawili walimbeba kwa mti begani na mkia ukaburuta mchangani. Alikuwa ameshauzwa. Bondo lake lilikuwa limeshachukuliwa na wakala, kwa bei iliyomfanya shemeji aombe arudiwe kutajiwa. Hukaushwa na kupelekwa Uchina kutengenezwa supu, na kwa uzito lina thamani kuliko nyama. Mzee alikuwa ametubakizia kichwa, kwa sababu, alisema, chambo kilikuwa chetu. Kilipikwa pale pale kwa nyanya na pilipili, tukala na ugali mpaka tukanyamaza. Shemeji alijaribu kueleza kwamba kwa hesabu fulani samaki yule alikuwa wa kwetu wote. Mzee alimwongezea mchuzi.

Kwa hiyo anayeniuliza achukue chambo gani namjibu kwa mafuta. Kama petroli unalipa wewe, nunua kambare, mtafute mwenye kamba, tega jioni, kalale. Kama analipa shemeji, buruta samaki bandia mpaka dumu liishe, rangi yoyote aitakayo yeye. Na wenye gesti za Kanda ya Ziwa, tafadhali zibeni hayo mabomba ya bafu.